Mkwe wa Mwituni

20 Agosti

Leo tumemuua ndama wa mwisho mwenye taya fupi. Nilimshika mimi, mume wangu Anisim akamchoma kisu nyuma ya kichwa, akaanguka bila hata kulia. Huu ni mwaka wa pili kulungu wetu, hawa wa theluji tunaowafuga, wanazaa ndama ambao taya la chini halifiki mbele. Wananyonya vizuri, wanaruka ruka, halafu ikifika siku ya kuachishwa ziwa hawawezi kung'oa hata jani moja, wanakonda huku malisho yamewajaa miguuni. Kuwaacha wafe njaa ni ukatili zaidi. Ndivyo tunavyojiambia tukinawa mikono.

Lyuda, mtoto wa mdogo wangu, yupo hapa na sanduku lake la vichupa. Anasomea mjini Yakutsk mambo ya damu za wanyama, nani ametoka kwa nani. Mwaka jana alikata kipande cha sikio la kila kulungu wetu, na leo, mume wangu akiwa bado anapangusa kisu, ndipo akaona ni wakati wa kutoa majibu. Mtoto huyu hajui kuchagua saa.

"Baba mkubwa, usikasirike. Madume wenu wote ni wa baba mmoja. Na majike wengi ni dada zao."

"Kundi hili ni la babu yangu," Anisim akasema. "Limepita katika vita, limepita katika njaa. Leo wewe uje uniambie limeoza?"

"Halijaoza. Linajirudia tu. Tangu ule mwaka wa barafu mlibaki na wachache, na hao wachache wamezaana wenyewe kwa wenyewe."

Ule mwaka wa barafu nao! Mvua ilinyesha katikati ya Januari, ikaganda juu ya theluji, kulungu wakakwaruza mpaka kwato zikatoka damu wasifikie chakula. Tuliobaki nao walitosha kulizunguka banda moja tu. Sisi tulimshukuru Mungu kwa wale wachache, wala hatukuuliza nani ni ndugu wa nani.

Gavril, mdogo wake Anisim, mtu wa mdomo mkubwa kuliko kazi yake, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Kaka, madume wako wanaoa dada zao kama wafalme wa zamani!" Kikombe cha Anisim kikaruka, kikampata sikioni. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua ndoo nikaenda mtoni.

Ugomvi wao si wa leo. Alama ya Anisim, ya kuonyesha mnyama ni mali yake, ni mikato miwili katika sikio la kushoto la kulungu. Ya Gavril ni mkato mmoja katika sikio la kulia. Mkubwa wa kundi ndiye anayesema ndama apewe alama gani, kwa hiyo karibu wote hupata ya Anisim, na Gavril hulimeza jambo hilo kila masika kama mfupa wa samaki. Mimi na Anisim Mungu hakutupa mtoto. Siku Anisim akifa, alama yake itakufa naye, na Gavril anajua.

21 Agosti

Mvua. Mbu wamepungua.

25 Agosti

Lyuda alitaka masikio ya kulungu wa mwitu pia, ili alinganishe. Tukaenda naye kwenye kivuko cha mto, mahali wanapoogelea kila mwaka wakishuka kusini.

Tuliwakuta. Ukingo mzima, hadi kwenye kona ya mto, wamelala kwenye matope, mafuvu yamepasuliwa. Wakataji wa pembe huja na mashua, wanawavizia wakiwa majini ambako hawawezi kukimbia, wanawashika na kukata pembe zikiwa bado na ngozi laini, wakiwa hai. Wanaziuza mbali zikatengenezwe dawa. Mnyama huachwa aogelee na damu yake. Wengine walikuwa wamefika ng'ambo ndipo wakafa. Dume mmoja alikuwa hajafa. Anisim alimmaliza kwa risasi, kisha akakaa kwenye jiwe na kuvuta sigara akinipa mgongo.

Lyuda alitapika. Alipomaliza alifuta mdomo akaanza kukata masikio ya maiti, mmoja baada ya mwingine, machozi yakimchuruzika.

"Mama mkubwa," alisema, "nguvu ya hawa wa mwitu ni kwamba hawafanani. Yuko anayestahimili ugonjwa huu, yuko anayestahimili njaa ile. Ukija msiba, hawafi wote. Lakini wakataji wanachagua wenye pembe kubwa, kila mwaka wakubwa tu. Damu hizo zikishaondoka hakuna duka la kuzinunua."

Kando ya maiti kulikuwa na dumu la petroli lenye rangi nyekundu shingoni. Naijua rangi hiyo, niliipaka mimi. Ni dumu letu, na mwenye mashua yenye injini huku kwetu ni Gavril. Nilimwonyesha Anisim. Alilitazama, akalipiga teke likaingia mtoni.

Jioni alimpiga mdogo wake ngumi hadi Gavril akapiga magoti. Gavril hakurudisha. Alisema tu, "Niliwaazima mashua. Sikushika msumeno." Kana kwamba tulimuuliza msumeno.

29 Agosti

Helikopta imemchukua Lyuda. Ameniachia vichupa vitupu na maelekezo marefu. Nimevifunga ndani ya soksi.

3 Septemba

Anisim amesema atamleta mkwe.

Kwa wasiojua: dume wa mwitu akiingia katika kundi la kufuga wakati wa kupandana, wazee wetu walimwita mkwe. Haruhusiwi mtu kumgusa mpaka theluji iwe ngumu ya kubeba mtu. Siku hiyo mkwe hulipa mahari, na mahari yake ni roho yake, kwa sababu ukimwacha ataondoka na majike wako wote kuwafuata ndugu zake. Baba mkwe wangu alikuwa akinitania nilipoolewa, "Na wewe tumekuleta kutoka mto Anabar kama dume la mwitu, utie damu mpya katika ukoo." Ikawa mzaha mchungu baadaye, lakini mzee alikuwa ameshakufa, hakuuona uchungu wake.

"Zamani walikuja wenyewe, makumi kwa makumi," Gavril akasema. "Sasa utamtoa wapi?"

"Nitamkamata," Anisim akajibu. "Wewe ndiye utakayeshika kamba. Nakudai mkono huo."

9 Septemba

Ukungu. Hakuna kitu.

13 Septemba

Madume wanavua ngozi za pembe. Zinaning'inia vitambaa vitambaa vyenye damu, na wao wenyewe wanazila. Wakati huu wa mwaka siwapendi hata kidogo.

17 Septemba

Tumempata.

Kikundi kidogo cha mwitu kilionekana nyuma ya mgongo wa kilima. Anisim akamtoa Mwenyekiti. Huyu ni dume wetu mzee wa kutegea, nimemlea kwa mkono wangu tangu mama yake afe, na tulimpa jina hilo kwa sababu ya mwenyekiti mmoja wa zamani kijijini aliyekuwa na shingo nene na hapishi mtu njiani. Anisim alimfunga mkanda wa ngozi mbichi katikati ya pembe, wenye kitanzi kilicholegea, akamwachia atangulie kwa kamba ndefu. Sisi tukatambaa nyuma yake katika tope la baridi.

Yule wa mwitu alitoka mbele ya wenzake bila kusita. Karibu mweusi, shingo nyeupe, pembe kubwa mpaka niliogopa kuzitazama. Sijaona dume wa namna ile tangu nilipokuwa msichana. Alimjia Mwenyekiti moja kwa moja. Walipogongana nilisikia meno yangu yakigongana. Ule mkanda ukanasa kwenye pembe zake, na Mwenyekiti, kama alivyofundishwa, akajitupa chini na uzito wake wote.

"Tupa!" Anisim akapiga kelele. "Gavril, tupa!"

Vitanzi viwili vikaruka. Cha Gavril kilishika mguu, na mnyama akamburuta juu ya mawe hadi ngozi ya shavu lake ikachunika kama ya kiazi cha kuchemsha, naye hakuachia. Hilo lazima niliandike, maana kesho nitasahau kumsifu. Mimi nilijitupa juu ya shingo ya dume. Ananuka mkojo na hasira. Tulimfunga gogo la shingoni, lile linaloning'inia mbele ya magoti ili mnyama asikimbie mbali. Gavril alikuwa ameshachomoa kisu, ameelekeza kooni.

"We!" Anisim akamdaka mkono.

"Samahani, kaka. Mkono umezoea."

Tukacheka wote watatu, tumelala matopeni, tumejaa damu. Mwenyekiti amepoteza jicho moja. Nimemwosha kwa chai.

22 Septemba

Mkwe amemuua dume wetu mkubwa. Gogo na yote, alimkandamiza ukingoni akamchoma ubavuni mara tatu, na hata alipoanguka akaendelea. Gavril: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tano kachukua shamba." Anisim amefurahi kama aliyepata mtoto. Jioni aliniambia, "Nikimwona ndama mmoja tu wa huyu mwenye taya kamili, basi, sina deni na babu." Nilimwambia ale samaki wake anyamaze, anajitabiria kifo.

26 Septemba

Baridi. Theluji ya kwanza, ikayeyuka.

30 Septemba

Mkwe amewakusanya majike mahali pamoja na hataki hata mbwa apite. Hali chakula. Anakoroma mchana kutwa. Tunamzungukia kwa mbali.

2 Oktoba

Anisim amekufa.

Nitaandika ilivyokuwa, maana tangu asubuhi nakaa na mikono yangu haina kazi.

Kila mchungaji wa huku anajua kulungu wa kufuga wanapenda chumvi ya mkojo wa mtu. Mwanamume akienda haja ndogo nje, majike humkimbilia, husukumana, hulamba theluji. Tangu utoto ndivyo tunavyowaita waje. Wanaume huona ni heshima, na wake zao hucheka. Anisim alikuwa akifanya kila asubuhi ya maisha yake, akipiga mluzi, na leo alifanya. Alitoka na koti la nyumbani, akafungua suruali, akapiga mluzi, na majike wakamjia mbio kutoka pande zote kama kawaida.

Mkwe hakulelewa kwa mkojo wa mtu. Alichokiona ni dume mwingine amesimama, na majike wake wote wanamkimbilia.

Nilikuwa mlangoni na birika. Niliona shingo ile nyeupe ikishuka chini. Nilipiga kelele, Anisim akageuka kunitazama mimi badala ya kutazama kule. Pembe ya mbele ilimwingia chini ya mbavu. Akamwinua. Mume wangu ni mtu mzito na yule mnyama alimwinua, akamtikisa, akambwaga, akamrudia. Gogo la shingoni lilikuwa likimpiga Anisim usoni kila mara kichwa kilipoinuka. Nilimrushia birika. Nilimpiga na mti mrefu wa kuendeshea sleji, gari letu la kuteleza thelujini, hadi ukavunjika mgongoni mwake. Gavril akaja na mbwa, ndipo Mkwe akarudi nyuma hatua chache, akasimama anakoroma, damu ya mume wangu inamdondoka puani.

Anisim hakufa papo hapo. Matumbo yake yalikuwa nje, nikayashika na mikono miwili. Alikuwa na aibu. Hebu fikiria, anakufa na ana aibu. "Nifunge suruali," aliniambia, "Gavril asinione." Nikamfunga suruali. Nilipomaliza kifungo cha mwisho alikuwa amekwenda.

Watu wa kijijini watalisimulia hili miaka mingi na watacheka, nawajua. Nami nilimcheka kwa jambo hilo hilo kila asubuhi. Nawachukia wote, nami najichukia.

3 Oktoba

Leo Gavril alitoka na bunduki. Nilikuwa nimeshaichukua ya Anisim, nikasimama mbele yake njiani.

"Pisha, shemeji."

"Sipishi."

"Amemuua kaka yangu!"

"Amemuua mume wangu. Usiku mimi ndiye ninayelala na upande mtupu, si wewe."

"Basi pisha nimlipie!"

Akanisukuma. Nikamsukuma. Akanipiga kofi la mgongo wa mkono, jino likatoka, nikalisikia ulimini kama punje ya mchele. Nikamgeuzia kitako cha bunduki nikampiga katikati ya uso, juu ya lile kovu bichi la mawe, pua ikapasuka. Tukaanguka. Tulipigana kama mbwa, mtu mzima na mwanamke wa umri wangu, maiti ya Anisim imelala ndani chini ya ngozi. Mwisho nilikuwa juu, mtutu umemgusa shavu.

"Nisikilize," nilimwambia. "Akifa leo, waliopandwa ni wachache. Masika utashika kisu tena uue ndama, na masika ya pili, mpaka kundi liishe, mimi niende kijijini nikakae kando ya jiko na wajane wasio na kulungu, tukisengenyana. Anisim atakuwa amekufa bure. Theluji ikibeba mtu nitamuua mimi mwenyewe. Kabla ya hapo ukimgusa, nakupiga risasi ya goti, utatambaa mpaka kijijini."

"Wewe huna moyo," alisema, damu ikimtoka mdomoni.

Ninao.

5 Oktoba

Tumemzika. Ardhi ilikuwa ngumu, tulichimba kwa shoka na moto. Jeneza ni mbao za sleji yake.

Marehemu hapaswi kwenda kwa miguu. Lazima kulungu auawe kaburini ambebe huko aendako. Gavril alimwonyesha Mkwe kwa kidevu. "Huyo. Ampeleke yeye, muuaji." Ilikuwa haki. Mtu yeyote angesema ni haki.

Nilikwenda nikamleta Mwenyekiti. Alinifuata mwenyewe, bila kamba, kwa jicho moja, akininusa mfukoni kwa sababu humo huwa namwekea mkate. Mkate ulikuwemo. Nilimpa. Kwa mila yetu hachomwi wala hapigwi risasi, hunyongwa kwa kitanzi ili damu isimwagike kaburini, na wanaovuta ni wawili. Gavril alivuta upande mmoja, mimi upande mwingine. Ilichukua muda mrefu. Hakupigana. Alinitazama tu hadi jicho likawa kama kioo chenye ukungu.

Baada ya hapo Gavril hakudai tena Mkwe auawe. Alinisaidia kukunja kamba.

8 Oktoba

Theluji. Laini, mguu unazama hadi gotini.

9 Oktoba

Laini.

11 Oktoba

Nimemtazama Mkwe kutwa akiwapanda majike. Nimewatambua wote: yule mwenye kipaku, yule kilema, yule aliyezaa taya fupi miaka yote miwili. Namtakia kila la heri na namtakia kifo kibaya, kwa pumzi moja. Sijawahi kumtazama mtu yeyote kwa makini hivi, hata marehemu.

12 Oktoba

Laini.

16 Oktoba

Kundi la mwitu limetupitia. Ndicho kitu ambacho wachungaji huogopa kuliko moto. Wanapita kama mto, na kulungu wako wanaingia ndani yake, na kesho huna kitu.

Gavril na mimi tulisimama kati ya majike wetu na wale wa mwitu, tukiwa na mbwa, miti na sauti zetu. Madume wadogo wa mwitu walijipenyeza, wembamba, pembe kama vijiti. Hao ndio waliobakizwa na wakataji. Majike wetu wakaanza kutoka, wakitega masikio. Nilijua tumekwisha.

Mkwe ndiye aliyewazuia. Aliona wanatoka akawakatia njia, gogo likimgonga magoti, akawasukuma kwa pembe hadi wakarudi. Dume mdogo wa kwanza aliyemkaribia alimpasua paja. Wa pili alimvunja shingo, nikasikia ilivyolia. Wa tatu hakuja. Mkwe alizunguka majike wetu mbio, ulimi nje, povu jekundu, hadi mkia wa lile kundi ukapotea kwenye ukungu, na hapo akapiga magoti mwenyewe. Hakufanya kwa ajili yetu. Lakini sisi tunao kulungu jioni hii, na ni kwa sababu yake.

Gavril alikuwa ameketi juu ya maiti ya yule aliyevunjwa shingo. Akasema, bila kunitazama:

"Shemeji, mwaka juzi madume kama Mkwe walipita wengi. Nilikuwa nawahesabu kutoka kwenye mashua. Leo umemwona hata mmoja? Wangekuwa wengi, kaka angechagua mpole."

Nilitaka kumjibu jambo kali. Nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nilipomtazama uso wake, pua imekaa upande kwa kipigo changu, nikaliacha.

19 Oktoba

Gavril ametoa injini ya mashua, ameitumbukiza kwenye tundu la barafu ziwani. Sikumwomba. Ningekuwa mimi ningeiuza.

24 Oktoba

Theluji inabeba mbwa. Haibebi mtu.

1 Novemba

Upepo siku nzima. Mkwe amekonda, mifupa ya nyonga imetoka. Halali tena na majike. Wanampita kama kisiki.

6 Novemba

Asubuhi nilitoka, nikakanyaga theluji, haikuzama. Nikaruka juu yake kama mtoto. Haikuzama.

Gavril alikuwa anafunga mbwa. "Niachie mimi, shemeji," alisema, kwa upole.

"Ni wangu."

Nilikuwa nimeingojea siku hii tangu Oktoba. Nililala nayo, niliamka nayo, niliisugulia bunduki mafuta kwa ajili yake. Nilijua nitasimama wapi na nitasema nini, nilikuwa na maneno kabisa. Nikamkuta Mkwe amelala peke yake. Pembe moja imeshadondoka, kama zinavyowadondoka madume wote baada ya kupandana, imelala kando yake, na ile nyingine imeegemea upande kama kofia ya mlevi. Ngozi ya shingo imechakaa pale gogo liliposugua, nyama iko nje. Aliniona nikija na hakuinuka. Yule aliyemwinua Anisim hakuweza kujiinua mwenyewe.

Nilihisi nimeibiwa. Nilimpiga teke. "Inuka!" nilimwambia. "Inuka, mwanaharamu, nikuue vizuri!" Akainua miguu ya mbele tu.

Nilimpiga risasi, ikapita shingoni. Akalia, sauti ya ajabu, si ya mnyama mkubwa. Ikabidi nipige magoti nimmalize kwa kisu nyuma ya kichwa, pale pale Anisim alipokuwa akiwachoma wale ndama. Damu ilinirukia hadi machoni. Nilidhani kitu fulani kitalegea ndani yangu. Hakikulegea. Nililia, lakini nililia juu ya shingo yake, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Gavril alikuja akasimama. "Amelipa mahari," akasema, kama wazee walivyokuwa wakisema. Nyama yake inanuka, hata mbwa waliisusa. Pembe zote mbili tumezifunga kwenye msalaba wa Anisim. Nilikata kipande cha sikio nikakitia katika kichupa cha Lyuda. Sikio halikuwa na alama yoyote, zima kabisa.

14 Novemba

Jua halikuchomoza leo, na huku kwetu halitaonekana tena hadi mwakani. Sitaandika mpaka kuwe na cha kuandika.

12 Mei

Tangu asubuhi upepo wa kaskazini, na majike wanazaa. Niliogopa kutoka. Nilijifanya nina kazi jikoni, nikaosha birika ambalo lilikuwa safi.

Gavril aliingia na theluji yake yote, koti limetuna kifuani. Akapiga magoti karibu na jiko, akafungua vifungo, akatoa ndama. Karibu mweusi. Bado ana ute wa mama yake, yule jike aliyezaa taya fupi miaka miwili.

"Mama yake alikuwa amelala upande wa upepo," alisema. "Nimemleta apate joto kidogo, nimrudishe."

Nilimtia kidole mdomoni. Niliingiza taratibu, kama mtu anayepapasa gizani, nikafuata ufizi wa chini hadi mbele. Taya lilifika. Lilifika mbele kabisa, sawa na la juu, na likanibana kidole nikapiga kelele. Gavril alinitazama, nikaitikia kwa kichwa.

Akachomoa kisu kidogo cha masikio. Mimi nikatazama motoni. Mkubwa wa kundi sasa ni yeye, na hili ni kundi lake, alilolingojea maisha yake yote alitie alama yake, mkato mmoja sikio la kulia. Mikato miwili ya kushoto ilikuwa imezikwa pamoja na Anisim. Sikutaka kuona. Nikasikia kisu kinakata. Kikakata tena.

Mara mbili.

Niligeuka. Alikuwa ameshika sikio la kushoto.

"Gavril," nilisema. "Hilo ni la kushoto."

"Najua kushoto na kulia, shemeji," akajibu, hakuinua uso. "Hebu mshike vizuri, anapiga mateke."

Nikamshika.